Ku pango tulihesabiwa. Ku shimo, nani anatuhesabu?

Wandugu wachimbaji wa Rubaya, wa Bisie, wa Omate, na wa vilima vyote visivyo na jina ku karata. Ninyi mama na watoto munaobaki nyumbani mukingojea: leo hatuzungumzi bei ya koltani. Tunazungumza namna ya kuingia chini ya udongo na namna ya kutoka.

Miaka michache mbele ya vita kufika Sake, tulikuwa watu saba tukaenda kuona pango kwa mara ya kwanza. Halikuwa pango la watalii. Ni tundu tu mu mawe ya volkano, upande wa Sake. Wenye kujua wanaeleza kama lava ya moto inapotelemuka, juu inapoa na kuwa jiwe, lakini chini inaendelea kutembea kama maji mu tuyo. Ikiisha kupita, tuyo inabaki tupu. Ndiyo pango lenyewe.

Watano kati yetu walikuwa wachimbaji. Wamoja walikuwa wameishatumika Masisi, wengine Walikale. Tulifikiri sisi ndio watu wa chini ya udongo, na pango haliwezi kutufundisha kitu. Tulikuwa na torshi, tulikuwa na nguvu, tulitaka kuingia mara moja.

Muzee wa pale aliyekubali kutuongoza akasimama mbele ya mulango, akatuzuia.

«Muko wangapi?»

«Tuko saba, muzee.»

Hakuridhika. Akatuhesabu yeye mwenyewe kwa kidole, akauliza jina la kila mumoja, akamwita mujukuu wake, mutoto wa miaka kama kumi na mbili, akamwambia: «Unakaa hapa. Watu saba na mimi, munane. Jua ikifika juu ya muti ule na hatuyatoka, unakimbia kuita watu. Wewe usiingie. Hata ukisikia nalia, usiingie.»

Tukacheka. Muzee hakucheka.

Kisha akaangalia mawingu. Akainama ku mulango, akaangalia chini kama mutu aliyepoteza franga. Alikuwa anatafuta mijusi iliyokufa, panya iliyokufa, ndege iliyokufa. Akatuambia kama hawezi kuingiza watu asubuhi sana, saa upepo ungali umelala. Tulielewa anazungumzia mazuku.

Kile muzee alituonyesha

Ndani, muzee alitembea mbele na fimbo. Kila hatua chache aligonga juu, akasikiliza. Alituonyesha pahali mawe yalianguka zamani, yameshaota weusi na unyevu. Akasema: «Hapa kile kilitaka kuanguka kilianguka mbele nyinyi hamujazaliwa. Kinachobaki ni chenye kilikataa kuanguka.»

Maneno hayo yalimuingia kila mwenye kufanya kazi ya shimo. Juu ya nini? Juu shimo letu si hivyo. Pango limesimama myaka mingi. Mutetemeko umepita, mvua imepita, na limebaki. Shimo la koltani ao la kasiterite tumelichimba mwezi uliopita. Udongo haujaamua bado kama utasimama ao utaanguka. Na sisi tunaamua kwa nafasi yake, mu saa tuko ndani.

Mbele kidogo tulisikia sauti za popo na tukasikia harufu yao. Muzee akasimama. «Tumefika mwisho.» Kijana mumoja akasema pango linaendelea, anaona kwa torshi yake. Muzee akajibu: «Pango linaendelea. Sisi hatuendelei.» Tukarudi. Ku mulango akatuhesabu tena: saba, na yeye munane. Akamwambia mujukuu aende kunywa maji.

Njiani tukirudi, mumoja wetu, mutu aliyetumika mu mashimo zaidi ya miaka kumi, alisema neno ambalo ndilo linatuandikisha leo: «Toka nianze kazi, leo ni mara ya kwanza mutu kunihesabu mbele ya kuingia chini.»

Hewa haina macho

Tuanze na mazuku, kwa sababu watu wa Sake na wa kando ya ziwa wanaijua, na jina lenyewe liko la kwetu. Wasomi wa volkano wa dunia nzima wamelichukua, wanaliandika vile vile mu vitabu vyao. Mazuku ni gazi ya kaboni inayotoka chini mu inchi ya volkano. Haina rangi, na mara mingi pua haiisikii. Ni nzito kupita hewa, kwa hiyo inatelemuka, inajaza mabonde na mashimo kama maji yasiyoonekana. Usiku na asubuhi mapema, upepo ukikosa, inapanda. Mbuzi anainama kula majani, anaanguka. Mutoto anaenda kumuchukua mbuzi, anaanguka vilevile.

Si kila shimo la Masisi ao la Walikale lina gazi ya volkano. Lakini kila shimo refu lina shida ya hewa. Watu wanapumua ndani, hewa mpya haishuki, na hewa mbaya inakaa chini pahali kichwa cha muchimbaji kiko. Wengi wetu tulifundishwa kutelemusha mushumaa: ukizima, hatuingii. Ni vizuri, lakini mushumaa ukiwaka si ruhusa. Gazi ya kaboni inaweza kumwangusha mutu mu hewa ambayo mushumaa ungali unawaka. Na kuna moshi mbaya kuliko ule: moshi wa motopompe. Mashine ikiwekwa ndani ya shimo ili kutoa maji, moshi wake unaua mutu pole pole kama usingizi, na mushumaa hautasema kitu. Motopompe inakaa inje, tuyo yake ndiyo inaingia. Ni hivyo tu.

Na lile neno la muzee kwa mujukuu wake, «hata ukisikia nalia, usiingie», tulilichekea bure. Mu mashimo yetu, mara ngapi mutu wa kwanza anaanguka kwa hewa mbaya, ndugu yake anaruka kumusaidia, wa tatu anaruka juu ya wa pili? Maiti tatu kwa kosa moja. Upendo wa ndugu ni mukubwa, lakini hewa haiangalii upendo. Mwenye kushuka ao awe amefungwa kamba ambayo watu wa inje wanashika, ao asishuke.

Popo wa Durba

Juu ya nini muzee alirudi alipofika kwa popo? Hatujui kama alikuwa amesikia habari ya Durba. Lakini kila muchimbaji wa Kongo angepashwa kuijua.

Durba iko upande wa Watsa, Haut-Uele, inchi ya zahabu. Kati ya 1998 na 2000, ugonjwa wa Marburg, ndugu ya Ebola, uliingia pale. Watu 154 waligonjwa, 128 wakakufa. Wengi wa wale wa kwanza walikuwa vijana wachimbaji, wenye kutumika chini ya udongo mu muji ule. Mashimo ya Gorumbwa yalikuwa yamejaa popo. Ugonjwa ulikuwa unakwisha na kuanza tena, unakwisha na kuanza tena, kwa sababu kila mara kijana mupya alikuwa anaupata kule chini na kuuleta nyumbani kwa mama yake na kwa bibi yake. Uliisha wakati maji yalijaza mashimo na watu wakashindwa kuingia.

Uganda nayo iliona vile. Mu 2007 wachimbaji wa Kitaka walipata Marburg mu shimo lenye popo. Mwaka uliofuata, mutalii mumoja mwanamuke kutoka Uholanzi aliingia pango la popo la musitu wa Maramagambo, akarudi kwao, akakufa. Shimo la kazi na pango la kutembelea, ugonjwa ni ule ule, popo ni wale wale wakubwa wa kula matunda wenye kupenda giza la mawe.

Hatusemi tuue popo. Kuwafukuza na kuwaua kunatawanya ugonjwa zaidi, na popo wana kazi yao mu musitu. Tunasema hivi: shimo la zamani lililoachwa, likiisha kujaa popo, si nyumba yetu tena. Tusilale ndani, tusiwakamate kwa mikono, tusiwalete ku sufuria. Na kijana akirudi na homa kali, kichwa kikiuma, akitapika, mama asifiche kama mutoto alikuwa ku shimo. Neno hilo moja, likisemwa mapema kwa muganga wa hospitali, linaweza kuokoa jamaa nzima.

Daftari

Sasa tufike ku hesabu, kwa sababu ndiyo inatuuma zaidi.

Mu 2018, kule Thailand, watoto 12 wa timu ya mupira waliingia pango pamoja na mufundishaji wao. Mvua ikanyesha, maji yakafunga njia. Walikaa zaidi ya wiki mbili, na wote 13 wakatoka wazima, ijapokuwa musaidizi mumoja alipoteza maisha kwa kuwapelekea hewa. Dunia nzima ilisifu waogeleaji, na ni haki. Lakini jambo moja la mwanzo lililowasaidia lilikuwa dogo: baiskeli zao zilikuwa mulangoni. Mutu aliona baiskeli, akajua watoto wako ndani. 

Mu 2010, kule Chile, wachimbaji 33 walifungiwa chini siku 69. Kampuni ilijua majina yao. Familia zilikaa juu, kila moja ikijua mutu wake yuko pale. Wote 33 walitoka.

Na kwetu? Tunakumbuka kijana mumoja wa karibu yetu. Kilima hatutakitaja, mwenye shimo hatutamutaja. Alikuwa amefika siku ile, hajawahi kuingia shimo. Mutu aliyemujua kwa jina la kucheza tu alimwambia: ingia, leo kuna nafasi. Mvua ya usiku ilikuwa imenyesha. Udongo ulianguka mbele ya saa sita. Waliotoka walisema ndani kulikuwa watu kumi na mumoja; wengine walisema tisa. Walitoa maiti, wakaacha kuchimba. Mama yake alizunguka siku tatu, akiuliza ku mahotela, ku moto ya wapishi, ku barieri: hamukuona mutoto wangu? Hakuna aliyekuwa na jina lake. Siku ya ine, rafiki alimuletea viatu vyake. Viatu vilikuwa vimeachwa ku mulango wa shimo. Vilikuwa kama zile baiskeli za Thailand, lakini kwetu hakuna aliyeviangalia.

Tunauliza bila hasira: daftari ni franga ngapi? Bic ni franga ngapi? Koltani ikifika ku negosianti inapimwa mpaka gramu. Pahali etiketi ziko, mufuko unapata namba, unaandikwa mu vitabu viwili, ili mununuzi wa mbali ajue umetoka wapi. Mufuko una jina. Mutu aliyeutoa hana.

Majibu tunayoyajua

Tunajua majibu, kwa sababu sisi wenyewe tumeyasema miaka mingi.

Wa kwanza atasema: njaa haingojei muongozi. Ni kweli. Mutu mwenye watoto watano hawezi kungoja udongo ukauke siku tatu kila mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua ni nyingi. Lakini tuangalie vizuri nani anakula haraka yetu. Muchimbaji akiingia mu shimo bichi, anapata sehemu yake ndogo. Akikufa, sehemu yake inakwisha, na PDG anapata mutu mwingine kesho. Njaa ni yetu, lakini haraka si yetu peke yetu.

Wa pili atasema: muongozi tuko naye, ni kapita. Ndiyo, kuna makapita wazuri, watu wanaogonga udongo kama muzee wetu na kusema «leo hapana». Tunawajua, na tunawasalimu. Lakini kapita wengi wanalipwa kwa mufuko unaotoka, hawalipwi kwa mutu anayetoka. Muongozi mwenye kulipwa kwa mufuko atasemaje «tumefika mwisho» wakati mushipa wa koltani unaendelea? Yule muzee aliweza kurudi kwa sababu alipata malipo yale yale, tufike ndani sana ao tusifike.

Wa tatu atasema: sheria iko. Iko kweli. Muchimbaji wa mikono hapashwi kupita mita 30 chini. Mutoto ambaye hajafikia miaka 18 hapashwi kuwa ku mine. Serikali iliunda SAEMAPE ili kusaidia wachimbaji wadogo. Lakini kila mutu wa Bisie ya zamani anakumbuka mashimo yaliyopita mita 30 mara nyingi, na kila mutu wa Masisi ameona mutoto mwenye mufuko mugongoni. Na sasa barieri zimebadilika mabwana, ofisi zimehama, na mutu hajui alie kwa nani. Kwa hiyo hatuandiki barua hii kwa serikali peke yake. Tunaandika kwa yeyote anayesimama ku mulango wa shimo asubuhi, hata awe wa nani. Kuhesabu watu hakuhitaji bendera.

Tunachoomba

Kwa PDG na kooperative: daftari moja ku kila mulango. Jina, kwao ni wapi, namba ya simu ya mutu mumoja wa nyumbani, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Na miti ya kushikilia udongo ilipwe na shimo lote mbele ya kugawana, isikatwe ku sehemu ya wachimbaji peke yao.

Kwa makapita: mugeni asiingie peke yake siku ya kwanza. Aanze juu, ajifunze kusikia udongo, ajifunze kamba, ajue njia ya kutokea kabla ya kujua njia ya kuingilia. Nyuma ya mvua kubwa, kapita aangalie juu ya kilima kama kuna mipasuko mupya. Na akisema «leo hapana», PDG asimufukuze.

Kwa wachimbaji wenyewe: tuache kumucheka mutu anayeogopa. Mu pango, yule kijana aliyetaka kuendelea ndiye alikuwa na torshi ndogo kuliko wote. Woga wa mutu mwenye kujua si woga, ni kazi.

Kwa mama zetu na wake zetu: muulize. Bwana akitoka asubuhi, muulize shimo gani, kapita gani, nani yuko naye. Kijana akisema «ni mambo ya wanaume», mumujibu kama siku ya kutafuta maiti haitakuwa mambo ya wanaume peke yao. Ninyi ndio muko kama yule mujukuu ku mulango wa pango. Mukijua saa na mukijua hesabu, kuna mutu wa kupiga kelele.

Hatuahidi kama daftari litazuia udongo kuanguka. Daftari halina nguvu ile. Lakini mwenye kuandika majina kumi ataogopa kuandika la kumi na moja wakati shimo linatosha watu sita. Mwenye kuhesabu wanaoingia atalazimika kungoja wanaotoka. Na mama hatazunguka siku tatu.

Siku ile, tulipomulipa muzee, tulimuuliza pango linaishia wapi. Akasema hajui. Tukashangaa: miaka yote hii, muongozi hajui? Akajibu: «Mwisho wa pango sikuhitaji kuujua. Nahitaji kujua pahali pa kurudia.»

Wandugu, mushipa wa koltani hatujui unaishia wapi, na hatutajua. Pahali pa kurudia, pale tunaweza kupajua. Kesho asubuhi, mbele ya kushuka, mutu mumoja asimame ku mulango na aulize: muko wangapi?